Dada wa Malindi, usianze na kaseti unayoipenda

Juzi usiku nikiwa nafunga duka, simu iliingia ujumbe. Dada mmoja wa Malindi, simjui hata kwa sura, aliniandikia kwamba marehemu babake ameacha katoni mbili za kaseti, nyingi zikiwa za taarabu. Yeye ana laptopu, ana waya, na Ijumaa hii yuko likizo. Aanzie wapi kuzihamishia kwenye kompyuta?

Nilimjibu mistari miwili: "Anza na kaseti usiyoijali. Na usiguse kitufe chekundu." Nikaenda kulala, usingizi haukuja. Maana mistari ile miwili mimi imenigharimu miaka miwili, kaseti nne ambazo hazitarudi, na ugomvi na khalati yangu, dada ya mama, uliokula Ramadhani nzima. Nikasema la, mtu hawezi kuuliza jambo kama hili akatupiwa mistari miwili kama anayeuliza bei ya nyanya. Basi kaa kitako, dada, nikueleze. Na wewe mwengine unayesoma, usijifanye hayakuhusu. Katoni unayo, iko juu ya kabati, nyuma ya sanduku la vyombo vya wageni.

Yetu ilikuwa katoni ya sabuni. Kaseti 63. Baba alifariki nikiwa na miaka saba, na katika vitu vyake mama aliuza vyote vilivyouzika akabakisha redio kaseti na katoni ile. Zilikuwamo za dukani, za waimbaji wa taarabu, Zein l'Abdin, mwana wa hapa hapa Lamu, na Juma Bhalo, nyingi zimenunuliwa Mombasa pale kwenye duka la kaseti la Mbwana Radio. Lakini zaidi ya nusu alizirekodi mwenyewe: harusi, visomo, Maulidi ya msikiti wa Riyadha hapa Lamu, watu wakizungumza barazani. Amezipa majina kwa mkono wake, Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kwa kalamu ya wino wa buluu ambao sasa umekuwa rangi ya chai. Nakumbuka kofia yake, nakumbuka harufu ya udi kwenye kanzu yake. Sauti siikumbuki. Kwa hivyo mkiniuliza kwa nini mwanamke mwenye duka la fotokopi alijifunza mambo ya mafundi wa redio, ni hilo tu. Nilikuwa namtafuta mtu humo ndani.

Kosa la kwanza lilikuwa kuwapa wengine. Nilipeleka kaseti tatu kwenye duka moja Mombasa, jina nalisitiri, walionihakikishia kwamba hiyo ndiyo kazi yao. Nikawalipa kabla, mjinga mimi. Baada ya wiki tano nikaletewa CD tatu kwa basi mpaka Mokowe, gati la bara tunalovukia kuja Lamu. CD ya kwanza ilikuwa upande A, kisha upande A tena. Ya pili ilikatika katikati ya wimbo. Ya tatu ilikuwa sawa, alhamdulillahi, lakini kaseti yake haikurudi, na kila nikipiga simu naambiwa kijana aliyeishika amesafiri. Kijana yule anasafiri mpaka leo. Sitaki kurudia jambo hili maana nikilieleza mkono unanitetemeka, ila nitasema hivi: kaseti ya mzazi haitoki nyumbani. Kama lazima itoke, itoke nawe, ukae pale ukiitazama mpaka imalizike, urudi nayo.

Baada ya hapo nikasema nitafanya mwenyewe. Laptopu yangu ina tundu moja la kuingizia sauti. Nikanunua waya wenye pini ndogo pande zote mbili, nikachomeka huku kwenye tundu la hedifoni la redio, huku kwenye laptopu, nikafungua programu ya Audacity ambayo ni ya bure, nikaanza. Nilirekodi kaseti tisa. Wiki tatu, kila siku baada ya Isha. Sikusikiliza hata moja vizuri, nilifurahia tu kuona yale mawimbi ya buluu yakitembea kwenye kioo. Nilipokuja kusikiliza, udi, ile ala ya nyuzi, ulikuwa unakoroma kama jenereta.

Hapa nisikilize vizuri. Tundu lile la laptopu limetengenezewa maikrofoni. Maikrofoni hutoa sauti dhaifu mno, basi laptopu huivuta juu kwa nguvu. Redio nayo inatoa sauti iliyokwisha kukuzwa. Ukivuta juu kitu kilichokwisha kukuzwa, kinapasuka, na sauti iliyopasuka wakati wa kurekodi haishoneki tena. Halafu matundu mengi ya namna hiyo hurekodi njia moja tu, kushoto na kulia havitofautiki tena. Dawa yake ni kidude kidogo cha USB chenye tundu lililoandikwa LINE IN. Tazama maandishi hayo kwa macho yako. Vile vya bei ya chini vyenye tundu la kijani na tundu la pinki au jekundu, hilo la pinki ni la maikrofoni tena, umerudi pale pale. Mimi nilinunua cha makosa mara moja kabla ya kupata cha sawa.

Sauti ya redio iweke katikati, si juu. Kwenye Audacity kuna kipimo kinachoruka ruka. Tafuta mahali palipo na kelele zaidi katika kaseti, vigelegele kwa mfano, na uhakikishe pale kipimo hakipiti kwenye desibeli -6. Kikigusa sifuri na kugeuka chekundu, simama, punguza, anza upya. Pale pa kuchagua kiwango cha kurekodi weka Hz 44,100, pande mbili (stereo), hifadhi kwa WAV, faili lisilobanwa. Ndiyo, ni mafaili mazito, karibu MB 10 kwa dakika, kaseti ya dakika 90 inakula kama MB 950. Nunua diski. MP3 utaitengeneza baadaye kwa ajili ya simu. Na hakuna njia ya mkato: kaseti ya dakika 90 inataka dakika 90. Stima ikipotea dakika ya 80, unaanza tena.

Kaseti tisa nikazirudia zote.

Sasa nije kwenye lile nililokuambia, la kuanza na usiyoijali. Mimi nilianza na niipendayo. Baada ya kupata kidude cha USB kichwa kilinivimba, nikachomoa moja kwa moja kaseti ya Maulidi ambayo mama alikuwa akiisimulia tangu niko mdogo. Ilikuwa ya dakika 120. Kaseti zile, wenzangu, ogopeni. Ili ziingie dakika 60 kila upande, ndani kuna zaidi ya mita 170 za mkanda, na mkanda wenyewe imebidi ufanywe mwembamba kupita kiasi. Redio ilikuwa haijasafishwa miaka na miaka. Gurudumu la mpira lile dogo linalovuta mkanda lilikuwa na utandu unaonata. Matari yakaanza, sauti ya watu ikapanda, mimi nimeinamisha kichwa nasikiliza, ghafla matari yakawa kama yanazama kisimani. Nikafungua mlango wa redio. Mkanda umejisokota kwenye gurudumu kama tambi, umetoka nje urefu wa mkono mzima, umekunjika vikunjo vikunjo.

Sikulia. Nilikaa tu nikiangalia. Kisha nikafanya jambo baya kuliko yote, nikavuta.

Ukivuta unakatika. Usivute. Zima redio, ichomoe kwenye stima, na ukiweza zungusha lile gurudumu kwa kidole kinyumenyume mpaka mkanda ujiachie wenyewe. Kisha chukua biro ya pembe sita, itie kwenye jino la kaseti, urudishe taratibu. Watoto wa siku hizi wakiona biro na kaseti hawajui vinahusiana vipi, sisi twajua.

Nilipata akili baada ya hapo. Spiriti ya duka la dawa, pamba za masikio, na dakika kumi kila baada ya kaseti tatu. Futa kichwa cha redio, kile cha chuma kinachogusa mkanda, mpaka pamba itoke nyeupe. Pamba ya kwanza kwangu ilitoka kahawia iliyokoza. Ile kahawia ni mkanda wenyewe, ni kutu ya chuma iliyobeba sauti. Nilifuta sauti za watu kwa pamba, nikazitupa.

Na sisi wa visiwani tuna balaa letu la ziada. Chumvi hapa inakula msumari ukutani, sembuse ile springi nyembamba ya shaba ndani ya kaseti, inayoshika kisponji kinachosukuma mkanda kwenye kichwa. Gundi ya kisponji inakauka, kinadondoka, na kaseti inatoa sauti ya mbali kama mtu anayezungumza nyuma ya pazia. Watu wanadhani kaseti imekufa. Haijafa. Ukiona ganda lake lina skrubu tano, una bahati: tafuta kaseti isiyo na thamani yenye skrubu pia, zifungue zote mbili kwa bisibisi ndogo juu ya kitambaa cheupe, hamishia mkanda mzuri kwenye ganda zima, funga. Piga picha kwa simu kabla hujagusa kitu, maana vile vijigurudumu vya pembeni vikiruka hutakumbuka mkanda ulipita wapi. Kaseti zilizofungwa kwa gundi bila skrubu ni kazi nyingine, inabidi kupasua ganda kwa kisu, na ya kwanza niliyopasua nilikata mkanda pamoja nayo. Hiyo ni moja katika zile nne.

Zenye ukungu mweupe, weka kando kabisa, usizitie redioni, zitachafua kichwa na kuambukiza nyingine. Kausheni kwanza. Mimi natumia vile vipakiti vinavyokuja kwenye viatu vipya. Nawaomba wateja wangu wanihifadhie, wananiona nina wazimu.

Kitufe chekundu ndicho cha kurekodi. Juu ya kila kaseti kuna vijino viwili vya plastiki. Ukivivunja, redio haiwezi kurekodi juu yake. Za dukani zimekuja zimevunjwa. Zile za nyumbani nyingi bado zina vijino vyake, yaani kidole kimoja kikikosea, harusi ya mtu imefutika na badala yake kuna sauti ya feni ya chumba chako. Vunja vijino kabla ya lolote. Nilijifunza kwa sekunde kumi na moja, ambazo ni fupi ukizihesabu kwa saa na ni ndefu sana ukizisikiliza. Hiyo ni ya pili. Ya Mombasa ni ya tatu, Maulidi ya nne. Nimezitaja zote, nimemaliza.

Hapo nyuma nimesema habari ya khalati. Ni mkubwa wa mama, ndiye aliyebaki katika rika lile. Katika katoni mlikuwa na kaseti ya vugo, ngoma ya wanawake peke yao, harusi ya ndani, pembe zinagongwa na maneno yanatupwa yale ambayo wanawake huyatupa wakijua mlango umefungwa. Ilitoka safi ajabu. Mimi kwa kujisifu nikakata sekunde 40 nikaziweka kwenye status ya WhatsApp. "Kazi ya mikono yangu." Nikapata mioyo na vidole gumba, nikavimba.

Kabla ya Magharibi khalati alikuwa mlangoni, bado amejifunika buibui, hajakaa.

"Hiyo sauti ni ya nyumbani, si ya ndiani," akaniambia. "Wale waliokuwa humo uliwauliza?"

Nikasema wengi wamekwisha kufa.

"Ndipo uwaulize wana wao."

Nikabisha. Nikasema huu ni utamaduni, unapotea, vijana wausikie. Maneno yale ya semina. Akanitazama, akaondoka, na hakuja kufuturu kwetu mwezi mzima. Leo nawaambia wazi alikuwa na haki na mimi sikuwa nayo. Watu wale walipoimba walijua nani yuko chumbani. Kaseti haikubadili hilo, na kompyuta haina ruhusa ya kulibadili. Kama ni kaseti ya wanawake, faili lake linakaa kwako na kwa wanawake wa nyumba hiyo. Kama ni kisomo cha mtu, waulize wanawe. Kama ni ya dukani, ya mwimbaji anayejulikana, basi ile ni mali ya mwenyewe na warithi wake, isikilize kwako, usiitie kwenye mtandao ukajiita mhifadhi. Na tena hizo za dukani ziweke mwisho. Wako wengi wanazo. Harusi ya shangazi yako ya mwaka fulani, mwenye nayo duniani ni wewe peke yako.

Siku ya pili ya Idi alikuja mwenyewe. Hakutaja lolote. Alikaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mashine ya fotokopi akauliza: "Ile yangu umefika?"

Yake ilikuwa kaseti ya harusi yake, taarabu ya usiku, mtaa wa Mkomani hapa Lamu, 1988. Baba ameandika tarehe, na chini yake neno moja, "Usifute", na mstari chini ya neno. Nilikuwa nimekwisha kuirekodi miezi mitatu nyuma na nilikuwa na siri nayo. Mwisho wa upande B, baada ya nyimbo zote na kutuzana kote, kuna kimya, halafu sauti nyembamba ya mwanamume inasema: "Moja, mbili. Moja, mbili. Yashika hii?" Basi. Sekunde sita. Nilipoisikia mara ya kwanza niliganda. Nilijua ni yeye. Nikaikata nikaiweka simuni, nikawa naisikiliza kabla ya kulala. Nililia siku mbili. Nilimtumia ndugu yangu aliye Muscat, naye akalia.

Nikamchezea khalati mwanzo wa kaseti. Akatikisa kichwa, akatabasamu, anataja watu: huyu apiga dumbaki, huyu nai, huyu anayetuza sasa ndiye aliyekuja kumuoa jirani yetu. Mimi naandika kwenye daftari la risiti. Tulipofika kama dakika ya 25 akakunja uso. "Mbona wakimbia?" Upande B ulipoanza akasema: "Huyu mwimbaji si kitoto hiki. Alikuwa mtu mzima ana sauti ya kifua. Hii kompyuta yako yamfanyani?"

Kompyuta haikuwa na kosa. Usiku ule hakukuwa na stima pale uwanjani, redio ilikuwa ikirekodi kwa betri. Betri zikichoka, mota inavuta mkanda polepole. Mkanda unatakiwa upite sentimita 4.76 kila sekunde. Ukirekodi chini ya hapo kisha ukacheza kwa kasi kamili, kila kitu kinaharakisha na sauti zinapanda, wanaume wanakuwa watoto. Na kwa kuwa betri hufa kidogo kidogo, mwanzo wa kaseti unakuwa sawa na mwisho umeharibika. Sikio la mtu asiyekuwapo halitambui. Langu halikutambua. Nilidhani ndivyo walivyokuwa wakiimba zamani.

Kwenye Audacity kuna mahali pa kubadili kasi. Chagua ile inayobadili mwendo na sauti kwa pamoja, maana kuna nyingine inabadili mwendo peke yake, hiyo siyo. Nikalikata faili la kaseti vipande vitatu. Cha kwanza nikakiacha. Cha pili nikashusha asilimia 2, tukasikiliza. Asilimia 3. Khalati amefumba macho, kidole chake kinapiga goti. Asilimia 4. "Hapo! Simama hapo. Huyo ndiye yeye." Cha tatu kikashuka mpaka 7. Kazi ile ilichukua kutoka Alasiri hadi adhana ya Magharibi, na hakuna programu ingeifanya, kwa sababu kipimo kilikuwa ndani ya kichwa cha mtu mmoja wa miaka sabini na kitu anayelalamika magoti.

Kile kipande cha tatu kilibeba na zile sekunde sita. Nikamwambia, khalati, ngoja, kuna kitu mwisho, ni baba. Nikabonyeza. Sauti ikatoka mpya, nzito, ya mtu mnene: "Moja, mbili. Moja, mbili. Yashika hii?"

Khalati akacheka mpaka akashika mbavu.

"Huyu siye babako! Huyu ni fundi wa redio wa mtaa wa pili, mwenye maikrofoni." Akajifuta machozi. "Miezi mitatu wamlilia mume wa watu."

Nilicheka naye, ningefanya nini. Kisha nikamuuliza baba alikuwa wapi. Akasema alikuwa pale pale, amechuchumaa nyuma ya meza na tochi mdomoni, maana redio ilikuwa yake na hakumruhusu mtu kuigusa. "Hakuwa akisema. Angesemaje, na yuarekodi? Yeye ndiye alobonyeza." Akanionyesha kwa kidole juu ya kaunta yangu: ka.

Mnajua ile "ka" ya mwanzo wa kaseti na ile ya mwisho, kitufe kinapoingia na kinapotoka. Nami nilikuwa mtu nadhifu. Katika kusafisha nilikuwa nazikata. Mwanzo wa kila faili nimepunguza kelele, nimeondoa mlio, wimbo unaanza safi kama wa dukani. Mafaili ishirini na mbili. Na kwa kuwa nilitaka kubana nafasi, mafaili ya kwanza ambayo hayajaguswa nilikuwa nimeyafuta.

Nimezirekodi upya zote ishirini na mbili. Mbili hazikukubali, mkanda umechakaa, zimebaki zilivyo.

Kwa hivyo nikisema acha mwanzo na mwisho kama ulivyo, siwaambii kutoka kitabuni. Acha sekunde tano kabla na sekunde tano baada. Faili la kwanza lisiguswe milele, fanya nakala ndiyo uichezee. Ile kazi ya kupunguza mvumo, ambapo unachagua kipande cha kimya, programu inajifunza mvumo ulivyo na kuuondoa, itumie kama chumvi. Ukizidisha, watu wanaimba chini ya maji. Punda akilia katikati ya kisomo, mwache punda. Kama sauti inasikika imefifia bila herufi "s", usikimbilie programu: pembeni ya kichwa cha redio kuna skrubu ndogo yenye springi, izungushe kiasi cha upana wa unywele huku unasikiliza, mpaka "s" irudi. Mkanda wote upana wake haufiki milimita 4, umegawanywa njia nne, kichwa kikiinama kidogo tu sauti za juu zinapotea. Kwa kifaa ambacho Philips walipokitoa 1963 kilikusudiwa zaidi imla za maofisini, kimetubebea mengi.

Nakala weka mbili, na moja isiwe Lamu. Yangu iko kwa binamu Mombasa, kwenye droo ya chumba cha kulala, na kila Idi namuuliza kama bado iko, ananikasirikia.

Lakini haya ya waya na diski, dada, yatakusubiri. Laptopu zitakuwapo mwaka kesho na za mwaka huo zitakuwa bora. Anayekumbuka nani alipiga nai hatakusubiri. Nawaona watu wanashindana kununua vifaa, wanaulizana aina ya redio, na mama mzazi yuko chumba cha pili anatazama ukuta. Muite. Mpe kiti chenye mgongo, mpe kahawa, mchezee dakika kumi, ukae kimya. Kimya, nasema, usimkate. Andika jina analolitaja hata kama hulijui. Nimekuwa kama ninahutubia, najua, khalati ananiambia siku hizi nazungumza kama redio. Lakini katika kaseti 63, zile alizozisikiliza yeye nina majina, mitaa, na nani alimkasirikia nani usiku ule. Zile nilizozifanya peke yangu nina muziki tu.

Zimebaki kumi na nne. Khalati huja Jumanne na Alhamisi baada ya Alasiri, akija na tende zake kwenye kitambaa. Wiki iliyopita tulifungua moja isiyo na maandishi, ilikuwa mechi ya mpira iliyorekodiwa redioni, dakika 45 za mtangazaji anayepiga kelele, na katikati mtu chumbani anakohoa mara mbili. Tulikirudia kikohozi kile mara sita. Khalati anasema huenda. Hataki kuapa.

Dada, Ijumaa usifungue katoni. Nenda kanunue spiriti, pamba na kidude chenye LINE IN. Tafuta kaseti yoyote mbovu ufanyie mazoezi mpaka Jumapili. Na Malindi hakukosekani shangazi: mpigie simu leo, umuulize yuko nyumbani siku gani.